Alama za uongo kwenye filamu za eksirei: shajara ya mradi, Tabora

Juni, mwanzoni. Rundo la picha zilizokataliwa

Chumba tunachofanyia kazi kipo Tabora mjini. Picha bado zinapigwa kwa filamu na kusafishwa kwa mkono: tangi la developa (dawa inayoitoa picha), la suuza, la fiksa (dawa inayoikaza picha isibadilike), mwisho la kuoshea. Lengo la mradi ni kupunguza picha zinazorudiwa. Picha ikirudiwa mgonjwa anaongezewa mionzi isiyomfaa kitu, na aliyetoka Sikonge au Urambo anaweza kulazimika kulala mjini kwa sababu ya doa lililotokea chumba cha giza. Lililo baya zaidi ni picha yenye alama ya uongo, yaani alama isiyotokana na mwili wa mgonjwa, isiyorudiwa, ikasomwa kama ugonjwa.

Filamu zilizokataliwa hazitupwi tena. Kila moja inaandikwa pembeni namba ya kaseti (kisanduku bapa kinachobeba filamu wakati wa kupiga), saa iliyosafishwa na joto la developa wakati huo. Kaseti zote zimepewa namba nje kwa rangi, na ndani, kwenye kona ya skrini (bamba linalotoa mwanga likipigwa na eksirei), namba ileile imeandikwa ndogo kwa kalamu ya wino usiofutika. Wino unazuia mwanga wa skrini, kwa hiyo namba inatokea yenyewe kwenye kila picha. Hakuna kubishana tena kwamba filamu hii ilitoka kaseti gani.

Rundo linapotandazwa kwenye sanduku la kutazamia, swali la kwanza ni alama imekaa wapi. Ikirudi mahali palepale kwenye kila filamu ya kaseti moja, iko ndani ya kaseti hiyo. Ikimfuata mgonjwa hata kaseti ikibadilishwa, iko mwilini mwake, kwenye nguo au mezani. Ikitangatanga, leo kona hii na kesho katikati, tafuta kwenye mikono, chumba cha giza na dawa. Baada ya hapo ndipo tunaangalia rangi. Alama nyeupe maana yake mwanga au developa haikufika hapo, au utando wa emulsheni, unaobeba picha, umebanduka. Alama nyeusi maana yake hapo pamepata mwanga, msukosuko au developa ya ziada.

Ndani ya mashine hatugusi. Ukaguzi wake una utaratibu wake chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, na kwa tuliyoyaona kwenye rundo, mashine inasingiziwa mno.

Juni, mwishoni. Kaseti

Vumbi la Tabora linaanza mvua zinapokatika, na linaingia kila mahali. Zaidi ya asilimia 90 ya weusi wa picha hutokana na mwanga wa skrini mbili zilizobandikwa ndani ya kaseti, wala si eksirei yenyewe kuigonga filamu. Chembe ya vumbi ikikaa kati ya skrini na filamu, inazuia mwanga huo na kuacha kidoa cheupe chenye ukingo mkali. Kwenye picha ya kifua kidoa hicho kinafanana na kovu gumu la kifua kikuu cha zamani. Kwenye picha ya mkono kinaonekana kama kipande cha kioo au chuma.

Tunasafisha hivi: kitambaa laini kisichoacha nyuzi, maji kidogo yenye sabuni laini isiyo na blichi, kitambaa kikamuliwe mpaka kisidondoshe. Futa taratibu bila kukandamiza, rudia kwa kitambaa chenye maji matupu, kisha simamisha kaseti ikiwa wazi nusu, mahali pasipo vumbi, mpaka ikauke kabisa. Skrini yenye unyevu ikifungiwa filamu, utando wa filamu unanata na kubanduka, na skrini ndiyo imekwisha. Kucha zisiiguse. Mkwaruzo kwenye skrini haufutiki. Utabaki mstari mweupe kwenye kila picha mpaka kaseti istaafu. Kiangazi tunasafisha kila wiki. Mvua zikishika, mara moja kwa mwezi inatosha.

Kipimo cha mgusano kimeleta jibu la kaseti namba 4, ya sentimita 35 kwa 43, iliyokuwa ikilalamikiwa kwamba "wagonjwa wake wanahema". Tumetumia wavu wa chuma kutoka duka la vifaa vya ujenzi, matundu ya milimita 3 hivi, ulionyooshwa kati ya mbao mbili bapa. Wavu wa mbu wa plastiki hauonekani, usihangaike nao. Wavu unalazwa juu ya kaseti yenye filamu, umbali sentimita 100, mashine ikiwekwa kilovolti 50 na miliampia-sekunde 5 hivi, na filamu inasafishwa kama kawaida. Itazame ukiwa umesogea mita 2 au zaidi. Skrini ikibana vizuri, wavu unaonekana mkali kote. Pale pasipobana, nyaya zinafifia na panaonekana pa giza zaidi, kwa sababu mwanga unatapakaa kabla ya kuifikia filamu.

Kwenye namba 4 sehemu hiyo ya giza ni upana wa kiganja, upande wa bawaba. Ukiifungua kaseti na kuichungulia kwa usawa wa macho, utaona pini moja ya bawaba imelika, kifuniko kimekaa mshazari, na sponji ya nyuma ya skrini imelala isiinuke hata ukiibonyeza kwa kidole. Ndiyo maana mbavu za upande mmoja zilikuwa zinatoka kama mgonjwa ametikisika, hali za upande wa pili ziko safi. Mgonjwa akitikisika, picha hufifia kote. Imeondolewa kazini kusubiri bawaba na sponji.

Jambo dogo linalosahaulika: kaseti iliyotoka kupakiwa filamu ina hewa iliyonaswa ndani. Ipe dakika 10 hadi 15 kabla ya kupiga.

Kuvuja mwanga tumepima kwa taa ya wati 100, mita moja kutoka kwenye kaseti iliyopakiwa, dakika 15 kila upande. Kaseti inayovuja huacha weusi unaoanzia ukingoni na kufifia kuelekea ndani. Mbili zilikuwa na lachi zilizolegea. Zimekazwa, zikapimwa tena, zimepita.

Julai. Baridi ya asubuhi na umeme tuli

Picha za asubuhi zinatoka hafifu, za mchana nzuri. Chumba kizima kilishaamua ni umeme mdogo, na kilovolti zikawa zinaongezwa. Kipimajoto kinasema vingine. Usiku wa Julai Tabora kuna baridi, na tangi la developa linaamka chini ya nyuzi 17. Haidrokwinoni, dawa inayojenga weusi mzito, inalegea kwenye baridi, na chini ya nyuzi 15 inakaribia kuacha kazi kabisa. Kuongeza kilovolti hapo ni kumwongezea mgonjwa mionzi ili kufidia ndoo ya maji ya moto iliyokosekana.

Utaratibu uliowekwa: kabla ya filamu ya kwanza, koroga developa kwa kijiti chake, pima joto, kisha soma muda. Kwa developa yetu ni dakika 5 kwa nyuzi 20, dakika 4 kwa nyuzi 22, karibu dakika 3 kwa nyuzi 24. Dawa nyingine ina jedwali lake kwenye pakiti, na jedwali hilo ndilo la kufuata. Kusafisha kwa macho, yaani kuinua filamu kwenye taa nyekundu na kusema "imeiva", kumepigwa marufuku. Filamu mbichi haisomeki kwenye mwanga ule, na kila inapoinuliwa inaongezewa ukungu, yaani kijivu kinachoifunika picha.

Umeme tuli ndio mgeni mkuu wa mwezi huu. Hewa ikikauka, unyevu ukashuka chini ya asilimia 40, filamu ikichomolewa haraka kwenye boksi inasuguana na karatasi au filamu mwenzake na kuchaji. Cheche ikiruka, mwanga wake unajichora. Kuna maumbo matatu: mti wenye matawi, taji la miale mifupi, na madoa yasiyo na umbo. Yote ni meusi. Msomaji asiyezoea akiona mti kwenye pafu anadhani ni mishipa, lakini mishipa ya pafu ni myeupe kwenye eneo jeusi. Matawi ya cheche ni meusi, membamba mno, na hayajali mpaka wa moyo wala mbavu.

Tiba yake haina gharama. Chomoa filamu polepole na kwa kuinua, usiiburute. Tundika taulo mbili zilizoloa chumba cha giza, mbali na meza kavu, na deki sakafu kwa maji kila asubuhi. Gusa bomba la chuma lililoingia ardhini kabla ya kufungua boksi. Vaa pamba, acha sweta ya nailoni nje, hata kama baridi inauma. Kipima unyevu kimetundikwa karibu na mlango. Tunataka kisome kati ya asilimia 40 na 60. Tangu taulo zianze, miti imepungua sana kwenye rundo, na iliyobaki ni ya zamu za haraka.

Agosti. Chumba cha giza

Kwanza tumefunga mlango, tukazima taa zote na kukaa dakika 10 macho yazoee. Ndipo nyota zikaonekana: tundu la ufunguo, ufa chini ya mlango, na feni ya kutolea hewa iliyopoteza kikinga chake. Zimezibwa kwa mpira mweusi na karatasi nyeusi. Kinachoonekana kidogo kwa jicho ni kingi kwa filamu.

Kisha taa nyekundu. Filamu zetu ni za skrini zinazotoa mwanga wa kijani, kwa hiyo kichujio lazima kiwe chekundu. Kile cha rangi ya kaharabu ni cha filamu za bluu tu. Balbu isizidi wati 15, na isiwe karibu na meza kuliko mita 1.2. Tulikuta balbu ya wati 40, ambayo joto lake limekipasua kichujio mstari mwembamba kama unywele. Balbu na kichujio vimebadilishwa.

Kuipima taa kunahitaji filamu iliyokwisha kupigwa kidogo, mpaka kijivu. Filamu iliyopigwa inaumizwa na taa nyekundu kuliko filamu bikira, na wengi wanaopima kwa filamu bikira wanapewa cheti cha uongo. Katika giza kamili weka filamu mezani, ifunike kwa kadi, washa taa, sogeza kadi hatua kwa hatua ili sehemu zipate dakika 1, 2, 4 na 8, na moja ibaki imefunikwa. Isafishe. Ukiona ngazi kati ya iliyofunikwa na ya dakika 2, taa haifai, kwa sababu dakika 2 ni muda wa kawaida wa kupakua kaseti na kufunga filamu kwenye hanga, fremu inayoishika ndani ya tangi. Taa yetu mpya inaonyesha ngazi kwenye dakika 8 pekee. Inakubalika.

Mikono. Alama za vidole nyeusi ni developa kwenye vidole. Nyeupe ni fiksa. Meza kavu na meza ya dawa zimetenganishwa kwa ubao uliosimama, na taulo kavu ina msumari wake upande wa kavu. Alama ya mwezi mchanga, mkunjo mfupi uliopinda, hutokea filamu kubwa inaposhikwa kwa mkono mmoja ikajikunja kwenye kidole gumba. Ikiwa nyeusi, imekunjwa baada ya kupigwa, yaani wakati wa kupakua. Ikiwa nyeupe, ilikunjwa kabla, wakati wa kupakia. Shika kwa mikono miwili, pembe zinazokabiliana.

Maboksi ya filamu yalikuwa yamelazwa yakipandana. Sasa yamesimamishwa kama vitabu, ya zamani mbele, na yamehamishwa kutoka ukuta unaopakana na chumba cha mashine. Uzito unaacha alama za mgandamizo, na mionzi inayopenya ukuta inajenga ukungu taratibu kwenye boksi zima.

Septemba. Mgonjwa, nguo na gridi

Alama za mwezi huu zinakuja na mgonjwa, na zinaondoka kwa kuulizwa vizuri.

Nywele za rasta ndizo zinazodanganya kuliko zote kwenye picha ya kifua. Msuko mzito ukidondokea begani unatoa michirizi myeupe juu ya ncha ya pafu, na ncha ya pafu ndipo kifua kikuu kinapopenda kukaa. Nywele zikiwa zimeloa mchirizi unazidi. Ufuate mstari kwa kidole: ukivuka mtulinga, ukapanda shingoni na kutoka nje ya ngozi, huo ni msuko. Lakini dawa ni kabla ya kupiga: nywele zote zifungwe juu ya kichwa, na ushanga wa ncha za misuko usibaki shingoni.

Fundo la kanga kifuani linatoa kivuli cha mviringo kilichofifia kingo. Vifungo, zipu, ndoano za sidiria na sarafu mfukoni vinajulikana na kila mtu. Vinavyosahaulika ni hirizi na shanga za kiunoni. Hirizi inaweza kuwa ngozi iliyoshonewa chuma ndani, na kwenye picha ya nyonga au tumbo inaonekana kama jiwe au kipande cha mfupa. Shanga zinapanga vidoa vyeupe kwa mstari kwenye pingili za kiuno.

Hapa namna ya kuuliza ndiyo kazi yenyewe. Swali "una chuma chochote?" linajibiwa hapana, kwa sababu hirizi haihesabiwi kuwa chuma na shanga hazisemwi mbele za watu. Ndugu aliyemsindikiza aombwe kusubiri nje, mlango ufungwe. "Shikamoo mama. Kuna kitu umevaa ndani ya nguo, kiunoni, shingoni au mkononi? Huhitaji kunionyesha. Nataka kukisogeza tu kisifunike mfupa." Kwa wanawake anayeuliza ni mhudumu wa kike. Asiyetaka kuvua halazimishwi. Shanga zinasogezwa juu au chini ya eneo la picha, hirizi inahamishiwa mkono wa pili, na kilichobaki kinaandikwa kwenye fomu ili msomaji ajue.

Gridi, bamba la vipande vyembamba vya risasi linalokaa kati ya mgonjwa na kaseti kuzuia mionzi iliyotawanyika, kwa ufupi. Picha nyeusi katikati na nyeupe pande zote mbili: gridi imegeuzwa, upande wa kuelekea bomba la eksirei umekaa chini. Picha iliyopauka kote, au zaidi upande mmoja: bomba halijalengwa katikati ya gridi, au gridi imelala mshazari chini ya mgonjwa mzito. Upande wa bomba sasa una mstari mwekundu, na umbali wa sentimita 100 umewekewa alama kwenye nguzo.

Oktoba. Joto

Huu ndio mwezi mgumu wa mwaka mzima. Maji ya tangi la juu ya paa yanafika mchana yakiwa ya uvuguvugu, developa inapanda, na emulsheni, ambayo ni jelatini, inavimba na kulainika. Kosa la kwanza ni ukungu wa jumla: picha ya kijivu isiyo na weupe wa mfupa, kwa sababu developa ya moto inaanza kugeuza hata chembe za bromaidi ya fedha ambazo hazikupigwa na mwanga. La pili ni utando kujikunja na kubanduka kingoni wakati wa kuosha. La tatu ni mikunjo midogo kama wavu kwenye filamu nzima, inayotokea filamu ikitoka dawa ya joto ikaingia maji baridi au kinyume chake. Mikunjo hiyo haitoki.

Barafu haiingii kwenye developa; ikiyeyuka inaichuja nguvu. Tunaweka chupa za plastiki zenye maji yaliyoganda, zilizofungwa barabara, kwenye beseni kubwa linalozunguka matangi yote, ili developa, suuza na fiksa vishuke pamoja. Sheria yetu ni tofauti isizidi nyuzi 3 kati ya tangi na tangi. Picha zisizo za dharura zinasafishwa kabla ya saa nne asubuhi, na maji ya kuoshea yanachotwa usiku.

Joto limetufichulia pia fiksa iliyochoka. Chukua kipande cha filamu ambacho hakijasafishwa, kitumbukize kwenye fiksa, hesabu mpaka umaziwa uishe. Muda huo mara mbili ndio muda wa kufiksi. Kwa mazoea tunaacha dakika 10. Kipande kikichukua mara mbili ya muda kilichochukua fiksa ilipokuwa mpya, imwage kwenye dumu lake, kwa sababu ina fedha na haifai kwenda mtaroni. Filamu isiyofiksiwa vya kutosha inabaki na umaziwa, au baada ya miezi inageuka kahawia mikononi mwa mgonjwa.

Filamu kadhaa zilikuwa na rangi mbili: ukiziweka kwenye taa zinaelekea uwaridi, ukizitazama kwa mwanga unaorudi juu yake ni kijani. Hiyo ni fiksa ndani ya developa. Chanzo kilikuwa hanga: klipu zake hazioshwi, fiksa inakaukia kwenye meno yake, na filamu inayofuata inaipeleka moja kwa moja tangi la kwanza. Ndiyo iliyokuwa ikileta pia michirizi inayoshuka kutoka klipu. Hanga sasa zinaoshwa pamoja na filamu dakika 20 hadi 30 na kutundikwa zikauke. Kila tangi lina kijiti chake cha kukorogea chenye rangi yake, na filamu ikitoka developa inadondoshea kwenye suuza, si kurudi ilikotoka.

Vidoa vidogo vyeupe vya mviringo kamili ni viputo vya hewa. Gonga hanga ukutani mwa tangi mara mbili tatu filamu inapoingia, kisha itikise kidogo kila nusu dakika. Filamu mbili zikigusana ndani ya developa zinaacha kipande kizima cheupe chenye umbo la mgusano. Tangi letu halibebi zaidi ya hanga nne kwa wakati mmoja.

Novemba. Mvua za kwanza

Umeme tuli umekwisha wenyewe. Mahali pake pamechukuliwa na tope. Mvua za kwanza zikishanyesha, maji ya bomba yanakuja na rangi ya udongo, na chembe zake zinazama kwenye emulsheni iliyolainika. Zikikauka humo zinaonekana kama vidonge vya chokaa, na tofauti yake na vumbi la kaseti ni kwamba ukiinamisha filamu mwangani unaona kijivimbe, na ukikipitishia ukucha pembeni kinakwaruza. Maji ya kuchanganyia dawa yanatuama usiku kucha kwenye ndoo yenye kifuniko, kisha yanachujwa kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne. Bomba la tangi la kuoshea limefungwa kitambaa hichohicho, kinachobadilishwa kila siku.

Kukauka kunachukua muda mrefu zaidi sasa. Filamu zikitundikwa zikigusana zinanatana. Zinahitaji nafasi ya kiganja, kona moja ikielekea chini ili maji yatoke kwa njia moja. Tone lililobaki katikati linaacha duara lenye ukingo.

Yanayobaki kufanywa: bawaba na sponji ya kaseti namba 4, kisha kipimo cha wavu kurudiwa kabla haijarudi kazini, kikinga kipya cha feni, kwa kuwa karatasi nyeusi imeanza kuvimba kwa unyevu, kubadilisha developa yote, ambayo imekuwa na rangi ya chai ya rangi. Kitambaa cha bomba kibadilishwe asubuhi kabla ya filamu ya kwanza, si jioni, kwa sababu tope la usiku ndilo zito.